Asiyekula Chenye Mama

Siku hizi mgeni akishuka stendi ya Kange
akaniambia hali nyama,
simwulizi, "Hata samaki?"
Nilishafundishwa adabu.

Alinifundisha Nirosha, mtu wa Kandi, Sirilanka,
kandambili za mpira, mkoba wa katani,
na sentensi moja aliyoikariri njia nzima ndani ya basi:
Mimi sili chenye mama.

Tulianzia soko la Mgandini.
Bajia za kunde: kula.
Muhogo wa kuchoma, pilipili, ndimu: kula.
Andazi? Ngoja niulize kama lina maziwa ya unga.
Chapati ya Bi Mwanamvua inapakwa samli, pita.
"Na hili?" Aliliinamia sufuria la maharage ya nazi
kama anayesoma barua ya mtu mwingine.
Bi Mwanamvua akaweka upawa chini.
"Mwanangu, nazi haina ndama."
Akala sahani mbili.

Ndipo akauliza njia ya kwenda kwa Buda.
Muuza soksi mmoja, aliyekulia Mombasa,
ambako buda ni baba yeyote mwenye mvi,
akanyoosha kidole bila kusita:
"Buda? Yule pale, kwenye vitunguu saumu."
Mzee Semhando alikuwa amekunja miguu juu ya gunia,
macho nusu, kiganja kimelala ndani ya kiganja.
Nirosha akaunganisha mikono, akainama.
Mzee akafumbua jicho moja.
"Robo elfu tatu. Sipunguzi."
Na kweli bei hakupunguza.
Alipunguza vitunguu.

Hekalu la Buda hapa Tanga mimi sijaliona,
ikabidi nimwambie.
Akasema basi nipeleke lolote.
Nikampeleka la Wahindu. Tukavua viatu mlangoni,
akautazama mkanda wangu wa ngozi
na hakusema kitu.
Nikauvua.
Nimezunguka mahali patakatifu nimeshika suruali kwa mkono wa kushoto,
na udi ukanuka vizuri, na kengele ikalia,
na sikumbuki lingine lolote.

Alasiri tukakodi baiskeli mbili hadi Kiomoni.
Mapangoni ni baridi, vaa kitu.
Popo wamejazana darini kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.
Kwenye kona ya wanaoomba kuna chupa za marashi,
sarafu, kitambaa chekundu,
na siku ile, juu ya jiwe, yai.
Bichi. La mtu anayetafuta mtoto.
Kurunzi yangu ilianza kufifia na yeye bado amelisimamia.
Kitu chenye mama,
kimeachwa na anayetaka kuwa mama.
Nilimwambia tutoke, betri inakwisha.
Akasema, "Dakika moja," kwa Kiswahili,
na sijui nani alimfundisha.

Usiku, kwetu Makorora, mama akapakua mchunga.
Ugali, mchunga, tui zito.
Nirosha alishakula matonge matatu, anasifu uchungu wake,
nilipouonja wa kwangu
na ulimi ukanitonya: unga wa dagaa.
Kijiko kimoja tu. Mama hukitia bila kufikiri,
kama mtu anavyotia chumvi, kama anavyosema bismillahi.

Ningeweza kunyamaza.
Mama alinikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze.

Nikasema.

Nirosha akaweka tonge pembeni mwa sahani.
Hakulia, hakunawa.
Alimwuliza mama, kupitia kwangu:
"Kijiko kimoja ni dagaa wangapi?"
Mama, miaka arobaini jikoni,
akafungua mdomo, akaufunga.
"Sijui, mwanangu. Sijawahi kuwahesabu."
Kilichobaki nilikimaliza mimi.

Aliondoka Jumatano na gunia dogo la machungwa ya Muheza.
Kwa hiyo, mgeni, karibu.
Bajia kula, andazi uliza, vitunguu vipime mwenyewe.
Mkanda, njoo na wa kitambaa.
Na ukifika kwetu usishangae
ukimkuta mama kizingitini, ungo mapajani,
anasogeza dagaa kwa kidole, mmojammoja,
midomo inacheza.
Hajaacha kuwapika.
Nami sijaacha kuwala.
Ila tunawahesabu.